Paul Vieille, Mfaransa aliyeondoa moshi katika baruti

Mwindaji anayejaza mwenyewe maganda yake ya risasi hupima baruti kwa mizani ndogo sana. Akizidisha kidogo ili risasi ikimbie zaidi, anaweza kuharibu shabaha, au kupasua bunduki mbele ya uso wake. Sababu yake ilielezwa vizuri na injinia wa kemia Paul Vieille, aliyezaliwa Paris tarehe 2 mwezi wa tisa 1854.

Baada ya masomo kwenye École polytechnique, aliingia katika maabara kuu ya baruti ya serikali, pamoja na Sarrau na Berthelot. Wakati ule askari wa Ufaransa walibeba bunduki ya Gras ya milimita 11. Baruti yake nyeusi ilirusha risasi mita 450 hivi kwa sekunde, ikawafunika kwa moshi na kuacha masizi mengi ndani ya mtutu. Pamba iliyotiwa asidi ya nitriki ilikuwa na nguvu kuliko hiyo, lakini iliwaka ghafla mno. Ilikuwa imekwisha kupasua bunduki, na viwanda pia.

Vieille alianza na vipimo. Alichoma baruti ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa. Gesi ikasukuma pistoni, nayo ikaponda kipande kidogo cha shaba. Kwa kuangalia shaba ilivyopondwa, na kwa muda gani, aliona kwamba mgandamizo ukipanda baruti huwaka haraka zaidi, na kuwaka huko kunapandisha mgandamizo tena. Ndiyo maana kiasi kidogo cha ziada ni hatari kuliko mtu anavyodhani.

Mwaka wa 1884 aliilainisha ile pamba kwa etha na alkoholi mpaka ikawa kama ugali, akaisukuma iwe nyembamba, akaikata vipande vidogo na kuikausha. Matundu yote yalikuwa yameisha, hivyo moto ulikula kutoka juu tu, tabaka kwa tabaka. Unene wa kipande ndio uliamua muda wa kuwaka. Kwangu mimi, hiyo ndiyo akili kubwa ya kazi yake, kushinda hata kuondoa moshi.

Jeshi likapata bunduki ya Lebel mwaka wa 1886, milimita 8, mwendo unaopita mita 600 kwa sekunde. Risasi ya risasi tupu, yaani madini laini, isingevumilia kasi hiyo ndani ya mtutu, ikavishwa koti la shaba na nikeli. Na kwa kuwa risasi zilipangwa moja nyuma ya nyingine, ncha ya kila moja ilifanywa butu isigonge fataki ya iliyo mbele.

Lakini baruti hiyo ilizeeka vibaya. Tarehe 12 mwezi wa tatu 1907 manowari Iéna ililipuka Toulon na kuua watu zaidi ya 100. Tarehe 25 mwezi wa tisa 1911, kwenye bandari hiyohiyo, ikawa zamu ya Liberté, na waliokufa walipita 200. Lawama ziliangukia baruti iliyooza ndani ya ghala za meli. Alkoholi ya amili, iliyowekwa kuizuia isiharibike, ikaachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na difenilamini.

Vieille, mwanachama wa Akademia ya Sayansi tangu 1904, alifariki mwaka wa 1934. Lebel ilikuwa bado mikononi mwa askari wa Ufaransa.