Enoch Sontonga: Mwalimu wa Kwaya Aliyetutungia Wimbo wa Taifa

Asubuhi, kuanzia Ngara hadi Biharamulo, watoto wa shule husimama mstarini na kuimba "Mungu Ibariki Afrika". Wachache wanajua kwamba muziki wa wimbo huo ulitungwa na mwalimu wa kwaya wa shule ya misheni.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Aliongoza kwaya, alipiga picha, na nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika kwa mkono katika daftari. Mwaka 1897 alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" kwa Kixhosa. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji.

Sontonga hakuyaona matunda ya kazi yake. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa na miaka kama 32. Daftari lake liliazimwa na watu wa kwaya, hatimaye likapotea. Mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita tu.

Lakini wimbo wenyewe uliendelea na safari. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, muziki huo ulitiwa maneno ya Kiswahili ukawa wimbo wetu wa Taifa. Zambia nayo hutumia muziki huohuo kwa maneno yake.

Kaburi la Sontonga, huko Braamfontein, halikujulikana kwa miaka mingi. Waliotafuta jina la ukoo katika kumbukumbu hawakulipata, kwa kuwa alikuwa ameandikwa "Enoch" tu. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi hilo lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akazindua mnara mahali hapo.

Ndugu msomaji, hata katika vigango vyetu wapo watunzi ambao nyimbo zao zimo katika daftari moja tu. Tusisubiri wafariki ndipo tuanze kuzitafuta. Tunakili nyimbo hizo wangali hai, na juu ya kila nota tuandike jina kamili la aliyetunga.