Patrick, mtumwa aliyerudi

Patrick alizaliwa Britania, miaka zaidi ya 1500 iliyopita. Alipokuwa kijana wa miaka karibu 16, wanyang'anyi walimkamata, wakamvusha bahari mpaka Ayalandi. Huko alichunga mifugo miaka 6. Aliamka kabla ya mapambazuko, akasali katika mvua na baridi.

Mwisho alitoroka, akarudi kwao. Wazazi wake walifurahi, wakamsihi asiwaache tena. Lakini usiku mmoja aliota kwamba watu wa Ayalandi wanamwita. Je, awarudie wale waliomfanya mtumwa? Patrick aliwarudia, naye sasa ni askofu. Aliwafundisha, akabatiza maelfu ya watu. Askari walipoteka Wakristu wake wapya, aliwaandikia barua kali, akataka waachiliwe.

Sikukuu yake ni tarehe 17 Machi. Siku hiyo watu wa Ayalandi hawaendi kazini. Baba na mama huwapeleka watoto wao kutazama maandamano, wamevaa majani mabichi kifuani. Ngoma na tarumbeta hulia. Aliyeletwa kama mtumwa, nchi nzima inamheshimu kama baba.