Dk. Parke, daktari aliyeichunguza sumu ya mishale ya Ituri

Ukisimama Kasese asubuhi isiyo na mawingu utauona mlima ambao kilele chake kirefu kuliko vyote, mita 5,109, kimo katika safu iliyopewa jina la Stanley. Jina hilo kila mtu analijua, kuanzia hapa Bulembia hadi Kasindi. Lakini katika msafara wa Stanley, watu wa kwanza kuiona theluji ya Rwenzori walikuwa vijana wake wawili, Jephson na daktari Thomas Heazle Parke. Waliiona Aprili 20, 1888. Stanley mwenyewe aliiona Mei 24, zaidi ya mwezi mmoja baadaye. Huyo daktari ndiye ninayetaka kumweleza leo, kwa sababu alipita katika njia yetu hii ya Kongo na Katwe, na kwa sababu ya mzigo wa majani na maganda aliorudi nao Ulaya.

Parke alizaliwa mwaka 1857 katika jimbo la Roscommon, Ireland. Alisomea udaktari Dublin, akaingia jeshi la Uingereza mwaka 1881, akatumwa Misri. Huko aliona vita, na mwaka 1883 aliona kipindupindu. Mapema mwaka 1887 Stanley alikuwa akikusanya watu wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekuwa amezingirwa kaskazini mwa Ziwa Albert. Parke akajiunga naye bila mshahara.

Msafara ulichukua zaidi ya watu 600 kutoka Unguja, ukazunguka kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha ukapanda mto. Juni 28, 1887 wakaingia msitu wa Ituri. Sisi tunaopita Beni na Mambasa kwa lori tunaujua msitu ule kwa matope yake. Wao waliujua kwa njaa na mishale. Waunguja ndio waliobeba mizigo, na ndio waliokufa kwa wingi: waliorudi kwao hawakufika nusu. Habari zao hazipatikani kirahisi kama za mabwana waliowaongoza, na hilo linanikera kila ninapozisoma safari hizi.

Agosti 13, 1887, mahali palipoitwa Avisibba, wenyeji waliwashambulia. Luteni Stairs alichomwa mshale kifuani upande wa kushoto, karibu na moyo. Parke hakuwa na dawa ya sumu ile. Aliinama akainyonya kwa mdomo wake mwenyewe. Stairs alipona, ingawa ncha ya mshale ilibaki mwilini mwake zaidi ya mwaka mmoja kabla Parke hajaitoa. Wenzake kadhaa, ambao majeraha yao yalionekana madogo kabisa, walikufa baada ya siku chache, mataya yamekaza na mwili ukijipinda.

Hapo ndipo daktari alipoanza kuuliza. Sumu ile ilikuwa ya nini? Wengi msafarani walidhani ni wadudu waliosagwa, au nyama iliyooza. Jibu halikutoka katika kitabu. Lilitoka kwa Wambuti, wale ambao wengi wetu huwaita Mbilikimo. Mwanamke wa Kimbuti, baada ya kubembelezwa sana, alimwonyesha mimea ambayo sumu hutengenezwa kwayo, na pia mimea ya kuipinga. Parke akaikausha, akaifunga, akaibeba.

Kuna jambo jingine la kusikitisha katika habari hizi. Parke alikuwa amemnunua msichana wa Kimbuti kwa maharage, mchele na mahindi. Msichana huyo alimuuguza katika homa zake kwa zaidi ya mwaka, akamtafutia chakula msituni. Walipotoka kwenye giza la miti, macho yake hayakuweza kuvumilia jua la nyika, na akaachwa. Wako wanaomsifu Parke kwa upole wake, na kweli wagonjwa walimpenda. Lakini mtu aliyemwokoa alikuwa mtu aliyenunuliwa, tena kwa chakula cha siku chache.

Mei 1889 msafara, sasa pamoja na Emin, ulivuka Semliki na kufuata mguu wa Rwenzori upande wa magharibi. Juni wakazunguka ncha ya kusini ya milima na kufika Katwe. Warasura, wapiganaji wa Kabarega wa Bunyoro, walikuwa wakilishikilia ziwa la chumvi, nao wakakimbia. Chumvi ya Katwe ilikuwa mali tangu zamani, kama wafanyabiashara wetu wanavyojua. Parke hakuwa na nafasi ya kuitazama sana. Homa iliwaangusha watu wengi kwa pamoja, na yeye aligawa kwinini huku mwenyewe akitetemeka. Tukumbuke kwamba hiyo kwinini nayo ni ganda la mti, la wenyeji wa milima ya Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820, na leo mti huo unalimwa Kivu.

Desemba 4, 1889 walifika Bagamoyo. Usiku huohuo Emin alianguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu, na Parke akabaki kumuuguza.

Kule London alimpa mtaalamu wa mimea ya dawa, E. M. Holmes, furushi lake. Mwaka 1891 wakachapisha matokeo katika jarida la wafamasia. Mmoja wa mimea ile ulikuwa mwavi, ule ambao katika nchi nyingi za Afrika watu walinyweshwa maganda yake ili kutafuta mchawi: aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Sumu yake hushika moyo. Mwingine ulikuwa wa jamii ya Strychnos, wenye striknini, ambayo hukaza misuli mwili ukajipinda kama wa mgonjwa wa pepopunda. Zilikuwamo pia mbegu za utupa, ambao wavuvi huutumia kulevya samaki na wakulima wa Afrika Mashariki huupanda kuwazuia fuko. Kwa hiyo watu wa msituni walikuwa wameunganisha mmea wa moyo na mmea wa misuli katika mshale mmoja. Huo ni ufundi, na ulihitaji kujaribiwa vizazi vingi.

Makala ile ilitoka kwa majina mawili, la Parke na la Holmes. Sheria ya leo ingetaka zaidi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Uganda ilijiunga nayo mwaka 2014, inasema jamii yenye ujuzi wa mmea ikubali kwanza, kisha igawiwe faida. Nawaambia hili hasa ninyi mliorejea nyumbani na mnaotafuta biashara ya kuanzia. Maganda ya Prunus africana, ambayo hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya, yako chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1995. Gunia lisilo na kibali linaweza kukupotezea mtaji wote pale forodhani. Na unga wa mizizi usiojulikana jina wala kipimo ni hatari kwa anayeunywa, kwa maana mmea uleule huponya au huua kwa kiasi. Kampala, pale Wandegeya, serikali ina taasisi ya utafiti wa dawa za asili ambako dawa hupimwa.

Parke aliandika kitabu cha safari yake mwaka 1891, na mwaka 1893 akatoa mwongozo wa afya kwa wasafiri wa Afrika. Mwaka huohuo, Septemba 10, alifariki ghafla huko Scotland akiwa na miaka 35. Sanamu yake inasimama Dublin, mbele ya jumba la makumbusho ya viumbe, na chini yake kuna bamba la shaba linalomwonyesha akinyonya sumu kifuani mwa Stairs. Stairs mwenyewe alikuwa ameshatangulia: malaria ilimuua Chinde, Msumbiji, Juni 1892, wakati anarudi kutoka Katanga.