Robert Koch, Daktari Aliyejifunza kwa Kujaribu

Ndugu msomaji, watu husema mambo mengi juu ya maradhi. Utajuaje lipi ni la kweli? Leo utasoma habari za mtu aliyejiuliza swali hilo maisha yake yote. Jina lake ni Robert Koch. Alikuwa daktari. Alifika hata huku kwetu, katika milima ya Usambara.

Utoto wake

Koch alizaliwa Ujerumani tarehe 11 Desemba 1843. Alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake. Alikuwa amejifundisha kusoma mwenyewe kwa kutazama magazeti. Alipokua alisomea udaktari, akamaliza mwaka 1866.

Kazi nyumbani

Mwaka 1872 Koch alikwenda kufanya kazi katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara. Alifanya uchunguzi wake nyumbani, baada ya kutibu wagonjwa. Mke wake alimpa hadubini. Hadubini ni chombo cha kutazamia vitu vidogo sana.

Katika wilaya ile mifugo ilikuwa ikifa kwa ugonjwa wa kimeta. Koch alichonga vijiti vyembamba. Kwa vijiti hivyo aliwatia panya damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Panya wengine aliwatia damu ya mnyama mzima asiye na ugonjwa. Kundi la kwanza lilikufa. Kundi la pili halikudhurika.

Kwa nini alitumia makundi mawili? Fikiri kidogo. Kama angekuwa na kundi moja tu, watu wangesema panya wamekufa kwa kuchomwa vijiti. Makundi mawili yalionyesha kuwa kilichoua kilikuwa ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu kazi yake, nao wakakubali.

Koch alitumia pia viazi mviringo, kama vile vinavyolimwa Lushoto. Alivichemsha, akavikata, akapandikiza vijidudu juu yake. Vikaota kama madoa. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kuwa amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Hapo jina lake likajulikana duniani kote.

Kosa lake

Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wengi walimkimbilia. Lakini dawa ile haikuponya, na baadhi yao walikufa. Koch alikuwa ameharakisha kutangaza. Hata mtaalamu mkubwa hukosea akisema kabla ya kujaribu vya kutosha.

Safari ya Usambara

Mwaka 1897 Koch alikuja katika nchi yetu. Wakati huo tulikuwa tunatawaliwa na Wajerumani, naye alitumwa na serikali yao. Alichunguza malaria pwani, kisha akapanda milima ya Usambara.

Huko Wasambaa walimweleza jambo kubwa. Walisema kwamba mlimani kwao hawapati homa ile. Wanaipata wakishuka mabondeni na pwani, kwa kuumwa na mbu. Hata homa yenyewe waliiita mbu. Koch aliwasikiliza, akayaandika maneno yao katika taarifa yake ya mwaka 1898.

Mwaka huo huo wa 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, alikuwa India. Aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Baadaye wataalamu walihakikisha kuwa mbu ndiye anayeeneza malaria. Wasambaa walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yao.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale. Dawa aliyotumia iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Basi, tukitaja mema yake, tusiwasahau watu hao. Alifariki tarehe 27 Mei 1910.

Jaribu nyumbani na watoto

Ndugu msomaji, wewe pia unaweza kufanya jaribio la viazi. Waite watoto wako.

1. Osha na chemsha chupa tatu za kioo zenye vifuniko. Acha zipoe. Chemsha na kisu.
2. Chemsha kiazi kimoja. Kikate vipande vitatu kwa kisu hicho. Usivishike kwa mkono, tumia uma safi.
3. Mtoto aliyetoka kucheza aguse kipande cha kwanza, kisha kitie chupani.
4. Mtoto huyo anawe kwa sabuni, aguse kipande cha pili. Kitie katika chupa ya pili.
5. Kipande cha tatu kisiguswe na mtu.
6. Funga chupa zote. Andika namba 1, 2 na 3. Ziweke kivulini kwa siku tano.

Kila siku tazameni bila kufungua. Mwulize mtoto anaona nini. Mara nyingi chupa ya kwanza ndiyo huota madoa mengi. Madoa hayo ni vitu hai vilivyotoka mikononi. Vikiota vyote sawasawa, usikate tamaa. Labda kisu kilikuwa kichafu. Rudieni tena.

Angalia! Watoto wasifungue chupa, wala mtu asile viazi hivyo. Mwishoni mtu mzima avitupe katika choo cha shimo. Kisha aoshe chupa kwa sabuni, azichemshe, na anawe mikono.

Ukimwambia mtoto anawe, anaweza kusahau. Akijionea mwenyewe kilichotoka mkononi mwake, atakumbuka. Huenda kuhara kukapungua nyumbani mwako.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Koch alitumia makundi mawili ya panya?
2. Wasambaa walijuaje kuwa mbu huleta homa?
3. Kwa nini dawa ya mwaka 1890 ilileta hasara?
4. Ni jambo gani kijijini kwenu mngependa kulijaribu ili mjue ukweli wake?