Hugo Junkers: fundi wa mitambo ya maji ya moto aliyerusha bati angani

Hugo Junkers alikuwa na umri wa miaka 56 ndege yake ya kwanza iliporuka, tarehe 12 Desemba 1915, kwenye uwanja wa Döberitz karibu na Berlin. Kabla ya siku hiyo, Wajerumani wengi walimjua kwa mitambo ya gesi ya kupasha maji ya kuoga. Ndege yake haikuwa na mbao wala kitambaa. Ilikuwa ya bati tupu, ikapewa jina la dhihaka: punda wa bati. Miaka 20 baadaye, ndege kubwa za abiria zilikuwa zikiachana na mbao, na Junkers alikuwa amefariki akiwa amenyang'anywa karibu kila alichojenga.

Wazo lake haliwezi kuwa geni kwa mkaaji wa Kinkondja. Aliyewahi kuezeka nyumba anajua kwamba bati bapa hujikunja likibebwa begani. Lakini bati lenye mikunjo, yaani manjanja kama wengi wanavyoyaita, humbeba fundi anayepiga misumari juu yake. Na kando ya ziwa Kisale, huko Sanga, makaburi ya kale yalitoa vitu vya chuma na shaba vilivyofuliwa na mafundi wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Junkers alichukua ujuzi wa aina hiyo, wa mtu anayeijua tabia ya madini mikononi mwake, akaupeleka mahali ambapo wataalamu walisema hauwezi kufika.

Kutoka bafuni hadi angani

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1859 mjini Rheydt, baba yake akiwa na kiwanda cha kufuma nguo. Alisomea uhandisi, akahamia mji wa Dessau mwaka 1888, na mwaka 1895 akaanzisha huko kampuni ya Junkers & Co. Ilitengeneza mitambo ya maji ya moto. Kazi hiyo ilimfundisha kukata mabati membamba, kuyakunja na kuyaunganisha bila kupoteza nguvu yake. Kuanzia mwaka 1897 alikuwa pia profesa mjini Aachen.

Huko Aachen, profesa mwenzake Hans Reissner alikuwa akijenga ndege. Junkers alimsaidia, na mabawa ya ndege hiyo, iliyoruka mwaka 1912, yalitengenezwa kwa bati la aluminiamu lenye mikunjo. Tayari mwaka 1910 Junkers alikuwa amepata hataza ya bawa nene linalojibeba lenyewe. Ndege za wakati huo zilishikiliwa na waya na nguzo nyingi nje, na kila waya ulipunguza mwendo. Yeye alitaka nguvu yote iwe ndani ya bawa.

Punda wa bati ulitengenezwa kwa chuma. Uliruka na kufikia mwendo wa kilomita 170 kwa saa, lakini ulikuwa mzito, nao ulipanda juu polepole. Junkers alihitaji madini mepesi zaidi.

Bati linalokomaa

Madini hayo yalikuwa yamekwisha kupatikana. Mwaka 1906, mtaalamu Alfred Wilm alichanganya aluminiamu na shaba kidogo, akaipasha moto sana, kisha akaipoza ghafla. Kipimo chake kilikatizwa na mapumziko ya mwisho wa juma. Aliporudi, bati lilikuwa gumu kuliko alivyoliacha. Mchanganyiko huo uliitwa duralumini. Katika kila gramu 100 kuna gramu 4 hivi za shaba, madini ambayo Katanga inayajua vizuri, pamoja na magnesi na manganizi kidogo.

Ugumu huo ulikuja na masharti. Fundi alipaswa kulikunja bati mapema, likiwa bado laini baada ya kupozwa, kwa sababu baada ya siku chache lingekataa. Kulichomea kwa moto kungeharibu ugumu wake, kwa hiyo vipande viliunganishwa kwa ribiti, maelfu kwa maelfu, kila moja katika tundu lake. Mkunjo haukuweza kuwa mkali kama wa karatasi. Ulihitaji mviringo mdogo, la sivyo bati lingepasuka kwenye pembe.

Jambo gumu zaidi lilikuwa ukingo. Mkasi ukikata bati huacha meno madogo pembeni, na keekee ikitoboa huacha kingo kali pande zote mbili za tundu. Kwenye paa la nyumba hilo halina neno. Kwenye ndege, injini hutikisa kila kipande saa baada ya saa, na ufa huanzia pale palipo na jino au mkwaruzo. Ndiyo sababu fundi wa ndege hukata kidogo nje ya mstari, akamalizia kwa tupa hadi kwenye mstari, kisha akapitisha msasa mpaka ukingo uteleze. Mstari wenyewe huuchora kwa wino, si kwa ncha ya chuma inayokwaruza.

Ndege ya abiria, kisha serikali mlangoni

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kiwanda chake kilitengeneza ndege za kijeshi za duralumini. Mara vita vilipokwisha, Junkers aligeukia usafiri wa raia. Tarehe 25 Juni 1919 iliruka F 13, ndege ya kwanza duniani ya abiria iliyojengwa yote kwa madini. Ilikuwa na chumba kilichofungwa na viti vya watu wanne. Zaidi ya 300 zilitengenezwa. Aprili 1928, ndege yake nyingine, W 33 iliyoitwa Bremen, ilikuwa ya kwanza kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi bila kutua.

Faida hiyo ilionekana wazi katika nchi za joto na unyevu. Mwaka 1925, rubani Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili walisafiri siku 51 kutoka Brussels hadi Léopoldville kwa ndege ya mbao na kitambaa. Katika hali ya hewa ya Kongo, mbao hufura na gundi huachia. Baadaye Sabena ilileta Kongo ndege ya Ju 52, yenye injini tatu na mwili wa mabati ya mikunjo, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1930 ikiwa bado na injini moja.

Wakati huo Junkers mwenyewe alikuwa taabani. Msukosuko wa uchumi ulimlazimisha kuuza kampuni yake ya mitambo ya maji ya moto kwa Bosch mwaka 1932. Mwaka uliofuata Wanazi walishika madaraka. Walitaka viwanda vyake kwa ajili ya jeshi, naye hakutaka kuvitoa. Akitishiwa kushitakiwa, alilazimishwa kutia sahihi: kwanza hataza zake, kisha hisa nyingi za kampuni. Alikatazwa kukanyaga Dessau na kuwekwa chini ya ulinzi nyumbani. Alifariki Gauting, karibu na München, tarehe 3 Februari 1935, siku aliyotimiza miaka 76.

Jina lake halikupumzika. Aprili 1937, Ju 52 zilikuwa kati ya ndege zilizodondosha mabomu juu ya mji wa Guernica, Hispania. Ndege za kivita zilizobuniwa na watu wengine ziliendelea kuitwa Junkers hadi mwisho wa vita.

Kilichobaki

Mikunjo yenyewe iliachwa, kwa kuwa vipimo vilionyesha inaongeza ukinzani wa hewa. Ndege zilizofuata, kama DC-3, zilivikwa bati laini lililoimarishwa kwa mbavu ndani. Vivyo hivyo mabawa ya ndege za Harvard ambazo Wabelgiji walifundishia marubani kwenye base ya Kamina katika miaka ya 1950.

Njia hiyo leo iko pia mikononi mwa watu wa kawaida. Marekani na kwingineko, watu hujijengea ndege ndogo nyumbani kwa mabati ya aluminiamu, wakitumia mkasi, keekee, tupa na ribiti. Mkaguzi anapokuja hutaka kuona mashimo yaliyosafishwa na kingo zilizolainishwa, kwa sababu ufa hautofautishi kati ya kiwanda kikubwa na karakana ya nyuma ya nyumba.