Nguo Mpya ya Virginia Woolf

Virginia Woolf nilimjua tangu ujanani kwa riwaya zake; siri yake niliijua baadaye. Alizaliwa London mwaka 1882. Kwa maelezo yake mwenyewe, angali mtoto mdogo, Gerald Duckworth, nduguye wa mama mmoja baba mbali, alimtia mikono pasipostahili. Aliyaandika hayo mwaka 1939, naye ana miaka 57, Gerald keshakufa. Aibu ilikuwa ingali mwilini: aliogopa kuonekana akijitazama kiooni, aliogopa hata kuingia mbele za watu na nguo mpya, jambo ambalo kwetu ni furaha ya Idi! Sidai kwamba maradhi yake yote yalitokana na hayo. Alifiwa na mama mwaka 1895, na baba mwaka 1904, na kila msiba akili zilimruka. Lakini, msomaji wangu, tunaposema tumsitiri mtoto, aghalabu tunayemsitiri ni yule mkubwa. Gerald alikuwa na kampuni ya vitabu, na ndiyo iliyochapisha riwaya ya kwanza ya Virginia, mwaka 1915. Virginia alijiua mwaka 1941. Maandishi yake juu ya Gerald yalitoka mwaka 1976.