Sir Coxsone: Msee wa Saundi Aliyejua Kusoma Umati Kabla Reggae Haijazaliwa

Wewe unayepiga saundi huku Mkongani, ama unayeshuka Diani wikendi na flash mfukoni ukitafuta usiku mmoja wa kazi, kuna jina unafaa kulijua kabla hujajiita selekta. Clement Seymour Dodd. Jamaica nzima ilimwita Sir Coxsone. Alifariki mwaka 2004, lakini ukicheza reggae kwa saa moja bila kugusa kitu kilichotoka kwa huyu buda, basi umejaribu sana kumkwepa.

Shida yenyewe unaijua. Harusi ya Mkongani ina mzee wa Kidigo aliyezoea sengenya na chakacha, ina vijana wa boda wanaotaka Culture na Lucky Dube pekee, na ina madem wanaotaka dancehall ya juzi, ile ya kuinama. Mjomba aliyetoka Mombasa yeye anataka Marley, na akikosa Marley anaanza kulalamika kwa bwana harusi. Ukishuka Ukunda uingie klabu za Diani mambo yanazidi. Mzungu yuko likizo, beach boy yuko kazini, wasee wa Nairobi wamekuja na SGR, na wote wako mbele ya spika moja. Ukikosea ngoma mbili mfululizo, watu wanarudi kwenye viti na mwenye klabu anakuangalia vibaya. Hiyo ni doo yako inayeyuka hapo.

Sasa rudi nyuma hadi Kingston, miaka ya hamsini.

Dodd alizaliwa Kingston tarehe 26 Januari 1932. Wazazi wake walikuwa na duka, na yeye akiwa mtoi ndiye aliwekea wateja santuri. Hebu fikiria hiyo shule. Mteja anaingia, anasikia ngoma, ama anakaa aongeze kinywaji ama anamaliza anahepa. Kijana anajua hapo hapo kama amechagua vizuri. Moyoni mwake alipenda jazz, ile kali ya kina Charlie Parker na Dizzy Gillespie. Jina la Coxsone alilipatia kwenye kriketi shuleni. Wenzake walimlinganisha na Alec Coxon, mchezaji wa Yorkshire kule Uingereza, na jina likagoma kutoka.

Baadaye akaenda kusini mwa Marekani kufanya kazi za shamba, kama walivyofanya Wajamaika wengi wa wakati huo. Wengine walirudi na nguo na redio. Yeye alirudi akiwa amekolea ile rhythm and blues ya watu weusi, na mwaka 1954 akaanzisha saundi yake, Downbeat. Mtaji wake ulikuwa amplifaya, mashine ya kuzungusha santuri, na santuri zenyewe alizokuwa akiagiza kutoka New Orleans na Miami. Kama unaanza na spika mbili za kukopa, tulia, hauko peke yako.

Elewa kitu kimoja kuhusu Jamaica ya wakati ule. Raia wa kawaida hakuwa na uwezo wa kuingia hoteli kuona bendi. Burudani yake ilikuwa saundi: maspika makubwa kama kabati yanapangwa uwanjani, kiingilio kidogo, bia inauzwa pembeni, na watu wanacheza mpaka alfajiri. Ni kama disko matanga zetu hapa Kwale ukiondoa msiba, na ukiondoa machifu waliozipiga marufuku mara kibao. Na kama hapa tu, kulikuwa na ushindani mbaya. Tom the Great Sebastian alikuwa mkongwe. Duke Reid alikuwa askari polisi mstaafu mwenye duka la pombe, mtu wa kuingia dansi na bunduki kiunoni, na walevi wa kuvuruga dansi za wenzake hawakukosekana kambini kwake. Coxsone hakuwa na sura ya kutisha hivyo. Silaha yake kuu ilikuwa sanduku la santuri.

Na alilichunga hilo sanduku. Akipata ngoma kali ambayo hakuna mwingine Kingston anayo, alikwangua lebo yake. Hakuna jina la msanii, hakuna jina la wimbo. Ukiipenda, njoo Downbeat uisikie. Siku hizi una Shazam mkononi, mtu anaiba ngoma yako kabla haijaisha, lakini wakati ule ungeweza kuishi na siri miaka.

Siri yake kubwa ilikuwa ala moja ya saksafoni ya Willis Jackson, Mmarekani. Coxsone aliibatiza Coxsone Hop na ikawa kama wimbo wa taifa wa Downbeat. Duke Reid akaitafuta jina lake halisi mpaka akalipata. Hadithi inayosimuliwa mpaka leo, na aliyeieneza ni Prince Buster aliyekuwa kijana wa Coxsone, ni kwamba Duke Reid aliialika Kingston isikilize, akaipiga hiyo ngoma hadharani, na Coxsone akazima pale pale, akaanguka chini. Labda imetiwa chumvi kidogo. Lakini kama umewahi kusikia DJ wa klabu jirani akipiga ile ngoma uliyokuwa umeificha kwa ajili ya saa saba usiku, unajua tumbo linavyofanya.

Kitu ninachompendea huyu msee ni kwamba hakuchukulia kusoma umati kama kipaji cha kuzaliwa nacho. Alikifanyia kazi kama biashara. Aliposafiri Marekani kusaka santuri, mamake, Doris Darlington, ndiye aliyeshika saundi na kupiga ngoma. Ndio, mama yake. Wale wanaosema huu mchezo ni wa wanaume watafute la kusema. Saundi ikazaa saundi mpaka akawa nazo tano, zote zikifanya kazi usiku mmoja sehemu tofauti. Count Machuki alishika maiki, akiongea juu ya ngoma ili watu wasipoe pale santuri inapobadilishwa. King Stitt akafuata. Yule jamaa alizaliwa na kasoro usoni, akaigeuza kuwa jina la jukwaani, akajiita Mbaya wa Sura na watu wakampenda zaidi. Lee Perry, kabla hajawa Lee Perry wa dunia, alikuwa kijana wa mkono huko huko.

Halafu ikafika shida ambayo ndiyo iliyozaa muziki wote huu unaoucheza. Mwisho wa miaka ya hamsini, Wamarekani waligeukia rock and roll, na raia wa Kingston hawakuitaka. Walitaka ile midundo ya zamani yenye kuyumba. Santuri mpya za aina hiyo zikaanza kukauka. Ungefanya nini wewe? Wengi wangelazimishia watu kile kinachotoka. Coxsone aliangalia miguu ya watu, akaamua kuwatengenezea wanachotaka. Akaanza kurekodi wasanii wa nyumbani, mwanzoni kwa ajili ya saundi yake tu, nakala moja ya majaribio inayopigwa Jumamosi usiku. Umati ukiitika, inachapishwa iuzwe. Umati ukikaa kimya, basi, imekufa. Yaani wacheza dansi ndio walikuwa wahariri. Mwaka 1959 akaanzisha lebo ya World Disc, na mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipata uhuru, akafungua studio yake namba 13 Brentford Road. Studio One. Inatajwa kuwa studio ya kwanza ya kurekodi Jamaica kumilikiwa na mtu mweusi.

Jumapili kulikuwa na majaribio. Unakuja na sauti yako, unapanga foleni, unaimba. Hapo ndipo walipita Wailers wakiwa vijana wadogo, Bob, Peter na Bunny pamoja na wenzao, na Simmer Down ikawafanya wajulikane Jamaica nzima mwaka 1964. Walipita Delroy Wilson, Ken Boothe, Alton Ellis, Marcia Griffiths, Horace Andy, na Dennis Brown akiwa bado mtoto. Burning Spear, yule ambaye wasee wa roots huku Pwani wanamheshimu kama imamu, aliingia mwaka 1969 baada ya Marley kumwelekeza huko. Nyuma yao walikuwa Skatalites, mabingwa wa ska waliotokea kwenye jazz ile ile aliyoipenda Coxsone. Jackie Mittoo alikuwa kwenye kinanda akiongoza muziki. Hapo utaona jinsi ladha yake ilivyorudi kwa mlango wa nyuma. Hakuwalazimishia watu bebop uwanjani. Aliajiri wapiga jazz wawachezee watu wanachotaka.

Lakini tusimpake mafuta tu. Kuna upande wa doo, na hapo sifa yake ina doa. Wasanii wengi waliopita Studio One walilalamika maisha yao yote kwamba walilipwa kidogo, wengine malipo ya mara moja tu, huku ngoma zao zikiuzwa na kuuzwa tena. Wailers walikuwa wakipewa posho ya wiki na wakaondoka na kinyongo. Mwaka 1966 Bob alienda Delaware, Marekani, alikokuwa akiishi mamake, akafanya vibarua vya kawaida. Huyo ni msanii ambaye nyimbo zake zilikuwa zinachezwa kila kona ya Kingston. Watetezi wa Coxsone wanasema yeye ndiye aliyeweka studio, vyombo, kanda na chakula, na kwamba wazalishaji wote wa wakati ule walifanya hivyo hivyo. Inaweza kuwa kweli. Lakini kwamba kila mtu alifanya haimpunguzii aliyeimba njaa yake. Kama umeshaandikiwa ngoma na kijana wa Msambweni ukampa soda na ahadi, hii sehemu isome mara mbili.

Sasa njoo kwenye zawadi aliyokuachia wewe wa umati mchanganyiko, maana hapa ndipo penye utamu.

Pale Studio One zilitengenezwa ridimu, yaani muziki wa nyuma bila maneno, ambazo hazijawahi kuzeeka. Real Rock ya Sound Dimension ilirekodiwa mwaka 1967. Miaka zaidi ya kumi baadaye Willie Williams akaimba Armagideon Time juu yake, na mwaka 1979 The Clash, wazungu wa punk kutoka London, wakairudia. Full Up nayo ilichukuliwa na Mighty Diamonds, halafu mwaka 1982 Musical Youth, watoto wa Birmingham, wakaipeleka namba moja Uingereza kama Pass the Dutchie. Beisi ni ile ile.

Unaona mlango huo? Ukiwa na mzee, boda, dem na Mzungu mbele yako, huhitaji kuruka kutoka 1977 hadi leo kwa fujo. Unapanda ridimu moja. Anza na Pass the Dutchie, Mzungu anainua glasi kwa sababu aliisikia akiwa shule. Shuka kwa Mighty Diamonds, mzee wa roots anatikisa kichwa. Kisha weka dancehall iliyojengwa juu ya beisi hiyo hiyo, na madem wanaingia bila kujua umewavusha. Hakuna aliyekaa chini. Mwili unatambua beisi kabla kichwa hakijatambua wimbo. Ridimu za Studio One zimeimbiwa na watu wengi kiasi kwamba unaweza kufanya hivi nusu usiku.

Na dancehall yenyewe, wale vijana wanaodhani ilianza na simu zao, ina mkono wa Coxsone. Mwisho wa miaka ya sabini studio nyingine za Kingston, hasa Channel One, zilikuwa zinapiga upya ridimu zake na kuvuna. Badala ya kukaa analalamika, akamwingiza Sugar Minott studio, kijana akaimba maneno mapya juu ya kanda zile za zamani za miaka ya sitini. Nyimbo mpya, muziki wa zamani, watu wakachanganyikiwa kwa raha. Wengi wanahesabu kazi hizo za Minott kama moja ya milango ambayo dancehall ilipitia. Johnny Osbourne na Freddie McGregor wakafuata njia hiyo hiyo.

Miaka ya themanini alihamia New York, akafungua duka la muziki Brooklyn, na maisha yakatulia kidogo. Duke Reid alikuwa amekufa tangu 1975. Mtaani kwa Coxsone Kingston ile studio ilibaki, na baadaye akarudi kuishughulikia. Mwisho wa Aprili 2004 serikali ya Jamaica ikabadilisha jina la Brentford Road, ikaiita Studio One Boulevard, naye akiwepo kwenye sherehe. Siku chache baadaye, tarehe 4 Mei, moyo wake ukasimama akiwa kazini, ndani ya studio ile ile. Alikuwa na miaka 72.